Damu ya mpira kwenye muhogo ilitiwa Amani, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Jumamosi iliyopita mjukuu wangu, yuko kidato cha tatu, alikata kwa mkasi kile kisanduku chenu cha habari nne za sayansi akakibandika kwenye daftari lake la baiolojia. Gundi haijakauka akaniletea jikoni. "Bibi, Wamarekani wamegundua muhogo una damu ya mti wa mwituni!" Nilikuwa natwanga kisamvu. Nikamwuliza, unajua hiki ninachotwanga ni kisamvu cha nini? Akasema cha mpira. Nikacheka mpaka mchi ukanitoka mkononi.

Sababu ya kicheko nitaifikia. Kwanza mnijue. Nilikuwa bibi shamba kwa miaka 31, mingi hapa mkoani Tanga na sita huko kusini, nikastaafu mwaka 2016. Marehemu baba yangu alikuwa kibarua kwenye kituo cha utafiti cha Amani, kule juu Usambara Mashariki, enzi za Waingereza. Kwa hiyo habari yenu ya nne, ya muhogo, imenigusa mahali penye kidonda. Hizo tatu za mwanzo nina maneno nazo pia, ila nitajitahidi nisiwachoshe.

Kwenye kemia mmesema umepatikana unga wa ajabu unaovuta maji hewani na kwamba waliougundua wamepewa Tuzo ya Nobel. Basi. Majina hakuna, mwaka hakuna, ajabu yenyewe haikuelezwa. Tuzo hiyo ni ya mwaka 2025, walipewa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi. Walichotengeneza ni fuwele zilizojengwa kama sega la nyuki: vipande vya metali ndiyo maungio, vijiti vya kaboni ndiyo kuta, katikati vyumba vitupu. Vyumba hivyo ni vingi kiasi kwamba gramu chache tu zina kuta ambazo ukizitandaza zinajaza uwanja wa mpira. Usiku mvuke wa hewani unaingia vyumbani humo, mchana jua likipiga unatoka, unakingwa, ni maji. Wamejaribu jangwani Arizona yakapatikana. Na huyo Yaghi amezaliwa Amman, wazazi wake wakimbizi wa Kipalestina, nyumbani kwao maji ya bomba yakitoka kwa zamu, mtoto akikimbilia kujaza vyombo kabla hayajakatika. Mhariri, mama yeyote aliyewahi kulaza ndoo foleni angeisoma habari hiyo mpaka nukta ya mwisho, angemsomea na jirani. Ninyi mkampa "unga wa ajabu", kama tangazo la mganga wa stendi.

Kemia ninayoifahamu mimi ni ya bakuli la unga, na niruhusuni niiseme maana nayo ni utafiti. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, imefungwa ndani ya kitu kiitwacho linamarini. Kwenye mmea huohuo kimo kimeng'enya cha kuifungua. Ukisaga makopa vyote viwili vinabaki ndani ya unga, lakini unga ni mkavu, havikutani. Mwanakemia mmoja wa Australia, Howard Bradbury, akaja na njia isiyogharimu hata senti. Unatia unga kwenye bakuli na kuweka alama ulipoishia. Unamimina maji huku unakoroga, unga unashuka. Unaendelea kumimina mpaka urudi kwenye alama ileile. Hapo unautandaza kwenye sinia au mkeka, unene usifike sentimita moja, uukalishe kivulini kwa muda wa saa tano au juani kwa muda wa saa mbili. Kimeng'enya kinafanya kazi yake, sumu inaruka na hewa. Siku hiyohiyo unasonga bada.

Nilipokuwa kusini nilikwenda nyumba kwa nyumba na bakuli langu. Akina mama walinicheka: serikali imetuletea mtu wa kutufundisha kulowesha unga! Nikawaeleza konzo. Ni ugonjwa unaokaza miguu, mtu haugui wala hana homa, anaamka asubuhi hawezi kutembea, na haurudi nyuma. Jina ni la Wayaka wa Kongo, maana yake miguu iliyofungwa. Kwetu ulizuka Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame, watu walipokula muhogo mchungu bila kuusubiri. Baada ya hapo hawakucheka tena, ingawa yule mmoja aliyeniuliza kama bakuli nitawaachia alikuwa na haki yake.

Habari ya jua. Mmesema chombo cha Marekani kimeligusa jua. Nilimpa mjukuu hesabu. Toka hapa duniani mpaka kwenye jua ni kilomita kama milioni 150. Chombo hicho, Parker, kilipokaribia kuliko vyote, tarehe 24 Desemba 2024, kilikuwa kilomita milioni 6.1 kutoka usoni pake. Sasa ifanye safari yote hiyo iwe barabara ya Tanga kwenda Dar es Salaam, kilomita kama 350. Basi limefika wapi? Akakokotoa kwenye kiganja: zimebaki kilomita 14. Yaani limefika Kimara. Posta bado.

Ni kweli wenyewe NASA walitumia neno hilo la kugusa, kwa sababu mwaka 2021 chombo kilipenya kwenye korona, ile hewa ya nje ya jua. Mngesema hivyo, na mngesema kwa nini wanahangaika nayo: uso wa jua una nyuzi kama 5,500, lakini hiyo korona iliyo juu yake inapita milioni. Ni kama uondoke kwenye jiko la mkaa uende mlangoni ukute kule ndiko kunakounguza zaidi. Chombo kinatafuta jibu la hilo. Na kama mlitaka kumwonyesha mkulima kuwa yanamhusu, mngemkumbusha Mei 2024, dhoruba ya jua ilipotikisa satelaiti, na wakulima wa mahindi huko Marekani wakasimamisha matrekta katikati ya msimu wa kupanda kwa kuwa mitambo ya kuyaongoza kwenye mistari ilipotea njia. Sisi tunaopanda kwa kamba na vigingi hatukusikia kitu. Mimi jua nalijua kwa makopa: likikosekana siku tatu yanaota ukungu.

Kwenye habari ya tatu nilikunja uso. Mmeandika kana kwamba dunia nzima imepimwa vinasaba. Waliopimwa ni watu wa Uingereza waliojitolea, wenye umri kati ya miaka 40 na 69 walipoandikishwa kati ya 2006 na 2010. Ni kazi kubwa, sina wivu nayo. Mwaka 2025 yalichapwa matokeo ya kusoma vinasaba vyote vya watu 490,640. Lakini karibu wote ni Wazungu. Ukimwambia mama wa Korogwe kwamba data za dunia zimegundua chanzo cha presha, ana haki ya kujua kwamba yeye hayumo kwenye daftari hilo.

Yumo kwenye daftari jingine ambalo hamkulitaja. Binti wa dada yangu ana mtoto wa selimundu. Anayeijua hali hiyo anajua mtoto kulia usiku wa manane akishika mfupa. Pale Muhimbili, tangu mwaka 2004, Julie Makani na wenzake wamekuwa wakiandikisha wagonjwa wa selimundu na kuwafuatilia mwaka baada ya mwaka, maelfu yao. Mwaka 2011 walichapisha, pamoja na wenzao wa Uingereza, utafiti wa vinasaba vya damu ya kichanga. Mtoto akiwa tumboni ana aina ya damu isiyojikunja mundu. Akishazaliwa kinasaba kimoja, BCL11A, kinaizima polepole. Wakaangalia kwa wagonjwa wa Tanzania kama kinasaba hicho kinahusika kwetu kama kinavyohusika kwa wengine, wakakuta kinahusika. Kinasaba hichohicho ndicho kinachonyamazishwa na ile tiba iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023, ya kukata vinasaba, ili damu ya kichanga irudi. Marekani bei yake ni dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi bilioni tano kwa mgonjwa mmoja. Niliposoma bei nilikunja gazeti nikaenda kumwagilia mchicha. Hata hivyo habari ndiyo hiyo, na nusu yake iko Upanga, si mbali na ofisi zenu.

Sasa muhogo.

Mmesema watafiti wa Marekani na wenzao wa Nigeria wamegundua kwamba muhogo wa Afrika una vinasaba vya mti wa mwituni. Kwanza mti huo ni mpira. Siyo mpira wa Coastal Union na African Sports. Ni ule mti unaotoa utomvu, ambao kila mtu wa Tanga anao uani na anaufahamu kwa majani yake. Mjerumani aliuleta kutoka Ceará, Brazili, akaujaza mashamba makubwa, Lewa ikiwemo. Mipira ya Asia ilipoingia sokoni bei ikaanguka, Mjerumani naye akaondoka, mti ukabaki wetu, ukawa uzio na mboga. Muhogo ni ndugu yake wa karibu.

Pili, damu hiyo haikuingia kwa upepo. Iliingizwa kwa mikono, na baadhi ya mikono hiyo naijua.

Magonjwa mawili yamekuwa yakitumaliza. Batobato, ile ya majani kujikunja na kuwa na madoa ya njano, Mjerumani Warburg aliiandika mwaka 1894 kwa kuiona pande hizihizi zetu. Michirizi ya kahawia iliandikwa mwaka 1936 na H. H. Storey wa Amani, na hii ndiyo mbaya kwa unafiki wake: mti umesimama vizuri, majani mabichi, unachimba ukiwa na kikapu chako, unapasua muhogo, ndani kuna mabaka ya kahawia makavu kama kizibo. Hata nguruwe anakuangalia mara mbili. Mimi nimesimama na mjane mmoja shambani kwake, robo tatu ya ekari, tukapasua mpaka jua likatua, tukapata wa kujaza sufuria moja.

Mwaka 1937 pale Amani, mtu aitwaye Nichols akaanza kazi ya kuzalisha muhogo wa kustahimili. Aliona mpira hauguswi kirahisi, akauozesha na muhogo. Neno "kuozesha" ni la baba. Hakuna kitabu nilichokuta neno zuri kama hilo. Baba aliajiriwa Amani miaka ya 1950, Nichols alikwishaondoka na kazi ilikuwa mikononi mwa D. L. Jennings. Kazi ya baba ilikuwa maua. Muhogo kwenye shada moja una maua ya kike na ya kiume, na ya kike hutangulia kufunguka. Unayavisha vifuko ili nyuki asikuharibie ndoa. Siku yake ikifika unaleta ua la kiume la mti uliouchagua, unalipaka juu ya la kike, unafunga tena, unaandika kibao. Tunda likikomaa linapasuka lenyewe kwa kishindo na kurusha mbegu zake tatu, kwa hiyo kifuko kinabaki mpaka mwisho. Baba alikuwa akituonyesha kwa vidole vyake vinene, na sisi watoto tukicheka kwamba mzee alikuwa mshenga wa mihogo.

Watoto wa kwanza wa ndoa hiyo hawakulika. Walikuwa wagumu kwa ugonjwa lakini mizizi yao ilikuwa kuni tupu. Ikabidi waozeshwe tena kwa muhogo, na watoto wao tena, na wajukuu tena, mizunguko mitatu, kila mzunguko ukichagua kwenye maelfu wale wachache waliobaki na ugumu wa mpira na kupata mwili wa muhogo. Miaka 20 ya vifuko na vibao. Mwaka 1957 kazi ikafungwa. Utafiti wa kilimo wa Afrika Mashariki ulikuwa umehamishiwa Muguga, Kenya, na Amani imekuwa ya malaria.

Kibao kimoja kiliandikwa 46106/27. Mmea huo Pwani ya Kenya wanauita Kaleso. Huko kusini kwetu kuna muhogo unaitwa Namikonga, unaostahimili michirizi kuliko karibu mihogo yote, na kila mkulima atakuapia kuwa ni wa babu yake. Walipokuja kupima vinasaba, Kaleso na Namikonga ni mti mmoja. Ulishuka kutoka Amani, ukatembea kwa miguu ya watu, pingili kwa pingili, jirani kwa jirani, ukasahau jina lake ukapewa jingine. Watafiti wa Tanzania wameuozesha na Albert, muhogo ambao michirizi inautafuna vibaya, ili wajue ugumu umekaa sehemu gani ya vinasaba. Matokeo yalichapwa mwaka 2017. Na mimi, Mhariri, ninayewalaumu ninyi leo, miaka yangu sita yote ya kusini niliwaambia wakulima kwamba Namikonga ni mbegu ya asili. Kwenye mkutano wa kijiji, kwa kipaza sauti. Baba alikuwa hai bado. Sikuwahi kumwuliza.

Kibao kingine kilikuwa 5318/34. Mbegu zake zilipelekwa Nigeria katika miaka ya 1950, zikapandwa Ibadan, akachaguliwa mmoja akaitwa 58308. Mwaka 1971 Mkorea Sang Ki Hahn akafika kwenye kituo kipya cha IITA, cha kimataifa cha utafiti wa kilimo, hukohuko Ibadan, akamtumia huyo 58308 kuzalisha ile mihogo inayoanza na herufi TMS, iliyoenea nusu ya Afrika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ikaanza kufyeka muhogo wa Uganda, watu wakalala njaa, na miongoni mwa iliyopelekwa kuwaokoa ni TMS 30572. Waganda wakauita Migyera. Yaani mjukuu wa Amani alikwenda Ibadan na akarudi Afrika Mashariki, amevaa jina la Kinigeria, na hakuna aliyemtambua stendi.

Hao watafiti mliowataja hawakuficha kitu. Mwaka 2016 walichapisha usomaji wa vinasaba vya mihogo mingi pamoja na mpira. Mwaka 2019 ikafuata kazi nyingine iliyoonyesha vipande virefu vya mpira vimekaa kwenye kromosomu, zile nyuzi zinazobeba vinasaba, ya 1 na ya 4, vinaongeza mavuno, lakini mara nyingi viko upande mmoja tu wa jozi, huenda kwa kuwa vikikaa pande zote mbili mmea unadhoofika. Hapo mimi ndipo ninapowavulia kilemba: wamepata kuona kwa kompyuta kile ambacho baba na wenzake walikifanya gizani, wakiongozwa na macho na kisu cha kupasulia. Na wameandika wazi kwamba asili yake ni Amani. Amani ilidondoka njiani, kati yao na meza yenu.

Ninachoomba ni mistari miwili kwenye toleo lolote la wiki ijayo: kwamba vinasaba vya mpira kwenye muhogo vilitiwa Amani, wilaya ya Muheza, kuanzia mwaka 1937. Sihitaji radhi. Na kama mna mwandishi kijana asiyeogopa milima, mleteni. Gari la Amani linaondokea stendi yetu ya Muheza. Mvua zikiwa zimeanza aje na buti, maana kuna kona abiria tunashuka kusukuma. Kuna wazee wawili watatu huko juu ambao bado wanaweza kumwonyesha mahali palipokuwa na vitalu. Mmoja kati yao haoni vizuri tena, lakini mpe ua la muhogo mkononi atakwambia ni la kike au la kiume.

Mjukuu alitaka kukibandua kisanduku chenu. Gundi ilikwishashika, kona moja ikachanika. Nikamwambia akiache. Amechukua penseli akaandika pembeni, kwa mwandiko wake mbaya: Amani, 1937. Halafu akaniuliza babu mkubwa alikuwa anaitwa nani, akaongeza na jina hilo.

Jina langu mnalo, msilichape.

Bibi Shamba mstaafu,
Muheza, Tanga